Nambari Iliyoandikwa Langoni: Ujumbe Taka Katika Pwani ya Kusini

Ujumbe taka ni ujumbe unaotumwa kwa watu wengi kwa mkupuo bila wao kuuomba, mara nyingi kwa nia ya kuuza, kushawishi au kulaghai. Maandishi mengi huuzungumzia kana kwamba ni maradhi ya barua pepe peke yake, lakini katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Ng'ombeni hadi Lunga Lunga, njia yake ni nyingine: huja kwa arafa, kwa simu za watu wasiojulikana, na kupitia makundi ya WhatsApp ambamo wazazi wa shule, wanachama wa chama, wavuvi wa bandari moja na wapangaji wa mtaa mmoja hupashana habari. Kwa sababu hiyo dawa nyingi zilizobuniwa kwa ajili ya barua pepe hazifiki hapa, na ushauri unaorudiwa kila mara, kwamba mtu aifiche nambari yake ya simu, haumsaidii mwenye mashua ya watalii Diani, dereva wa tuktuk Ukunda wala mama anayepika vyakula vya kuagizwa Msambweni, kwa kuwa kwao nambari ya simu ndiyo mlango wa duka, na mlango wa duka haufungwi mchana. Suala la kujadiliwa, basi, ni namna nambari iliyotolewa kwa kazi moja inavyopelekwa kwenye kazi nyingine ambayo mwenyewe hakuiridhia.

Chanzo cha uchafu huu ni hesabu ya gharama, na hesabu hiyo haijabadilika tangu ulipoanza. Tarehe 3 Mei 1978, mfanyakazi wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation nchini Marekani, Gary Thuerk, aliwatumia watu wapatao 400 waliounganishwa kwenye mtandao wa Arpanet tangazo la kompyuta mpya, na ingawa wengi walikasirika, kutuma kwa watu 400 hakukumgharimu zaidi ya kutuma kwa mmoja. Mwezi wa Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walibandika tangazo katika maelfu ya mabaraza ya majadiliano ya mtandao wa Usenet, wakijitolea kuwasaidia watu, kwa malipo, kuingia katika bahati nasibu ya viza ya Marekani, ambayo mtu angeweza kuiomba mwenyewe bila kumlipa wakili yeyote. Ikumbukwe kwamba biashara hiyo hiyo ya kuuza msaada usiohitajika ingali hai katika vibanda vya intaneti vya Mombasa na Ukunda, na hakuna wakili anayehusika tena. Leo nchini Kenya arafa moja inayotumwa kwa jumla hugharimu chini ya shilingi moja, kwa hivyo mtumaji wa arafa 10,000 akimpata mtu mmoja tu wa kumlipa amana ya nyumba ya likizo, amekwisha kurudisha mtaji wake na kupata faida. Mzigo uliobaki, yaani muda wa kusoma, kufuta na kuhofia, huangukia wapokeaji 9,999.

Kati ya arafa zote za aina hii, iliyo maarufu kupita zote Afrika Mashariki ni ile isemayo, "Ile pesa tuma kwa namba hii." Upande wa Tanzania husomeka "ile hela", na wafanyabiashara wa Lunga Lunga na Vanga wenye laini mbili, moja ya Kenya na moja ya Tanzania, huzipokea zote mbili. Nguvu ya arafa hii imo katika yale isiyoyasema: haina jina, haina kiasi, haina sababu, bali inadhania tu kwamba mpokeaji anadaiwa pesa na mtu fulani na kwamba mtu huyo amebadilisha nambari. Dhana hiyo katika pwani ya kusini ni sahihi karibu kila siku ya mwezi, kwa maana mpokeaji mmoja huwa na kodi ya nyumba ya kulipa, zamu ya chama, mchango wa maziko, sehemu ya mahari ya mpwa wake, na karo aliyoahidi. Arafa ikimfikia asubuhi ile ile aliyopanga kutuma mojawapo, yeye mwenyewe humalizia hadithi ambayo tapeli hakuiandika. Ndiyo maana wasomi na wafanyabiashara wazoefu hunaswa sawa na wengine, na dhana kwamba wanaotapeliwa ni wajinga haifai kuendelea kushikiliwa.

Aina ya pili huiga taarifa ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanzishwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007. Mpokeaji huona arafa inayosema amepokea kiasi fulani, kisha simu hulia na mtu mwenye sauti ya unyonge hudai kwamba amekosea nambari na kumwomba arudishiwe. Arafa halisi huja chini ya jina la huduma yenyewe, ilhali hii hutoka kwenye nambari ya kawaida, na salio la mpokeaji halijaongezeka hata senti. Hata pale pesa zinapokuwa zimeingia kweli, aliyekosea anao utaratibu wake rasmi wa kuupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 ili kampuni ishughulikie kuzirudisha, kwa hivyo mpokeaji hana sababu ya kutuma chochote kwa mkono wake. Wakenya wengi huzihusisha simu hizi na wafungwa wa Gereza la Kamiti, na si bila msingi, kwa kuwa misako ya gerezani humo imenasa simu mara kwa mara.

Zipo pia arafa zinazofuata uchumi wa mahali. Diani hutangazwa nyumba za likizo kwa picha zilizonakiliwa kutoka matangazo halali, hasa msimu wa Desemba ambapo wageni kutoka Nairobi hutafuta malazi kwa pupa, na bei huwekwa chini kidogo tu ya bei ya kawaida, kwa sababu bei ya chini mno ingezua shaka. Ploti za karibu na ufuo huuzwa kwa arafa zinazotaja "hati tayari", ingawa historia ya ardhi ya Kwale, yenye miradi ya makazi, maskwota na wamiliki wasioishi hapo, ni tata kiasi kwamba hakuna ununuzi salama bila uchunguzi rasmi katika afisi ya ardhi. Na vijana wa Kinango na Msambweni huahidiwa kazi za Ghuba kwa "ada ndogo ya usajili", ahadi inayoweza kupimwa kwa kulitafuta jina la wakala katika orodha ya mawakala waliosajiliwa ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Nambari zenyewe hupatikanaje? Watu wengi hudhani kuna wadukuzi, yaani watu wanaovunja kinga za kompyuta na kuiba taarifa, na wadukuzi wapo, lakini nambari nyingi hutolewa na wenyewe, kwa kalamu, kwenye karatasi. Katika lango la majengo ya kupangisha ya Diani huwa pana daftari kubwa la mistari lenye safu za tarehe, jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, usajili wa gari, nyumba anayokwenda mgeni, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isichukuliwe. Kalamu inalindwa kuliko taarifa. Kila anayeandika mstari wake huisoma mistari ishirini iliyo juu yake, na yeyote mwenye simu ya kamera anaweza kuunasa ukurasa mzima huku bawabu akifungua lango. Daftari likijaa hutupwa au huwekwa kibandani bila kufuli, na hakuna anayeuliza limekwenda wapi. Madaftari ya mawakala wa M-Pesa yalikuwa vivyo hivyo kwa miaka mingi, yakiwa na jina, kitambulisho, simu na kiasi cha pesa alichotoa mteja, yaani mambo yote ambayo tapeli angehitaji ili asikike kama mhudumu wa kampuni. Pengine huo ndio mfano bora wa taarifa iliyokusanywa kwa nia njema ya usalama na kuishia kuuhujumu usalama wenyewe.

Njia nyingine ni programu za mikopo ya simu. Mkopaji anapoiweka programu kwenye simu yake huombwa kuiruhusu isome orodha ya majina aliyoyahifadhi, naye kwa haraka ya kupata mkopo hukubali, na kwa kukubali huko huwa ametoa nambari za watu mia mbili au mia tatu ambao hawakuulizwa lolote. Akichelewa kulipa, mkwe wake, mwalimu wa mwanawe na imamu wa msikiti wake huanza kupokea arafa na simu za kumshurutisha. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyoendesha programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine kutuma vitisho.

Siasa nayo ina mkono wake. Katika uchaguzi wa 2017 wapigakura kote nchini walipokea arafa za wagombea ambao hawakuwahi kuwapa nambari, baadhi zikiwataja kwa jina na kituo cha kupigia kura, na mwezi wa Juni 2021 maelfu ya Wakenya waligundua kupitia tovuti ya serikali kwamba walikuwa wameorodheshwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa wasivyovijua. Inafaa kusemwa waziwazi kwamba arafa ya mgombea ni ujumbe taka sawa na ya mwuza ploti, hata ikiwa imeanza kwa salamu za Ramadhani.

Mbali na nambari ya mtu mmoja mmoja, ujumbe taka huingia pia katika makundi, na huko mzigo humwangukia mtu asiyelipwa: msimamizi wa kundi, anayejulikana zaidi kama admini. Chukulia kundi la wavuvi wa mojawapo ya vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo vimesajiliwa kisheria katika bandari kama Gazi, Shimoni na Vanga. Humo hupitishwa bei ya samaki, habari ya mashua iliyochelewa kurudi, na tahadhari ya upepo wakati wa kusi. Mwanachama mmoja akikibandika kiungo cha kujiunga na kundi kwenye ukurasa wa Facebook ulio wazi, programu zinazozunguka mtandaoni zikikusanya viungo hukinasa, na punde huingia nambari za kigeni zenye picha za magari na noti, zikitangaza biashara ya fedha za kigeni, kamari, au mganga anayerudisha mpenzi aliyepotea. Hasara kubwa hapa haihusu hata yule atakayetapeliwa. Wavuvi wakichoshwa na milio hunyamazisha kundi, na aliyelinyamazisha haisikii tahadhari ya upepo inapotumwa alfajiri.

Admini anazo hatua kadhaa: kukifuta kiungo cha zamani na kutoa kipya, kutaka kila anayejiunga aidhinishwe kwanza, kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote kwa wote, na kuruhusu wasimamizi peke yao kuandika. Hatua ya mwisho huvutia kwa urahisi wake lakini hugeuza baraza kuwa ubao wa matangazo, na kundi la wavuvi ambamo mvuvi hawezi kusema "mashua ya Gazi haijaonekana" limepoteza sababu ya kuwepo. Kuidhinisha wanaojiunga ndiyo njia yenye faida kubwa kwa gharama ndogo, mradi admini ajue kuuliza swali ambalo mtu wa mahali pale hulijibu bila kufikiri, kama vile bandari anayoshushia samaki au jina la mwenye mashua anayovulia.

Ujumbe mgumu kushughulikia ni ule usiotoka nje. Ni ule wa dua au onyo unaomtaka msomaji autume kwa watu kumi, na anayeuleta ni mzee anayeheshimiwa, tena kwa mapenzi. Kijana wa miaka 25 aliyepewa usimamizi kwa sababu anaijua simu hawezi kuufuta ujumbe wa mzee mbele ya watu 200. Adabu humtaka amwendee pembeni, "Shikamoo mzee," aulizie hali ya nyumbani, ndipo alete neno lake. WhatsApp yenyewe imejaribu kuupunguza mtiririko huu bila kumwaibisha mtu: Januari 2019 ilizuia ujumbe mmoja kusambazwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa wakati mmoja, na Aprili 2020, wakati uvumi wa korona ulipozagaa, ikapunguza hadi mazungumzo mamoja kwa ujumbe ambao tayari umesambazwa mara nyingi. Kampuni ilitangaza kwamba ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Kizuizi hicho hakikuhitaji kujua ujumbe ulisema nini, na hiyo ndiyo hekima yake, kwa kuwa mazungumzo ya WhatsApp yamefumbwa kiasi kwamba hata kampuni haiyasomi, isipokuwa mtumiaji anaporipoti nambari fulani, ambapo jumbe tano za mwisho za nambari hiyo hupelekwa kwa kampuni kwa uchunguzi.

Kuhusu mashine zinazosoma maandishi yenyewe, matumaini yapunguzwe. Mbinu iliyosafisha masanduku mengi ya barua pepe ilipata umaarufu mwaka 2002 kupitia insha ya mtaalamu wa programu Paul Graham: mashine hupewa rundo la ujumbe taka na rundo la ujumbe halali, huhesabu kila neno limetokea mara ngapi katika kila rundo, kisha hukadiria ujumbe mpya unafanana na rundo lipi. Kwa Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika kidogo, hesabu hiyo hukusanyika haraka. Kwa Kiswahili, mashine isiyofundishwa kukitenganisha kitenzi huona nitumie, utume, umtumie na tumetumiwa kuwa maneno manne yasiyohusiana, hivyo huhitaji mifano mingi zaidi, na mifano hiyo haijakusanywa kwa wingi. Zaidi ya hayo, maneno pesa, tuma na nambari hayamo katika rundo la taka peke yake. Ndiyo maneno ambayo mwanafunzi wa bweni huyaandika kwa mamake kila muhula. Mashine itakayoyazuia itamzuia na mwanafunzi.

Mpokeaji mwenyewe anaweza kuipeleka arafa ya utapeli kwa 333 bila malipo ikiwa laini yake ni ya Safaricom, kampuni ambayo imewatangazia wateja kwamba huwapigia kwa nambari 0722 000 000 pekee. Kwa laini za Tanzania, mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, hupokea taarifa kwa 15040. Usajili wa laini, ambao Kenya iliusukuma hadi tarehe ya mwisho ya 15 Oktoba 2022, ulitarajiwa kuzifuta laini zisizo na mwenyewe, lakini laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua imesajiliwa vilevile, na kitambulisho hicho, kwa bahati mbaya, kimo katika lile daftari la langoni.

Sheria iliyopo ina meno zaidi kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 humwadhibu anayemhadaa mtu kwa ujumbe ili atoe taarifa zake, kwa faini isiyozidi shilingi 300,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini iliyo karibu zaidi na chanzo ni Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 37 kinakataza kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila ridhaa yake ya wazi au idhini ya sheria nyingine aliyofahamishwa. Kanuni za 2021 zinaongeza kwamba kila tangazo liwe na njia rahisi ya mpokeaji kujiondoa. Tangu tarehe 14 Julai 2022 wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwa Kamishna, nafasi iliyoshikwa kwanza na Immaculate Kassait mwaka 2020. Biashara ndogo, yenye mapato ya mwaka yasiyofika shilingi milioni tano na wafanyakazi wasiofika kumi, imesamehewa, ila kuna sekta ambazo hazisamehewi hata zikiwa ndogo kiasi gani, miongoni mwazo hoteli na malazi, usimamizi wa majengo pamoja na uuzaji wa ardhi, kamari, huduma za fedha, matangazo ya moja kwa moja kwa wateja, na kampeni za kisiasa. Orodha hiyo inasomeka kana kwamba iliandikwa na mtu aliyekaa barabarani Diani akihesabu vibao. Waongoza watalii wametajwa kuwa nje ya sharti hilo, uamuzi wa busara, kwa kuwa kumtaka kijana wa ufuoni mwenye wateja thelathini katika simu yake alipie usajili kungemwondoa kazini bila kuzuia hata arafa moja.

Kinachopungua ni malalamiko yenye sura. Ofisi ya Kamishna ina tawi Mombasa na hupokea malalamiko kupitia mtandao pia, kwa hivyo mkazi wa Lunga Lunga halazimiki kulipa nauli ya kwenda na kurudi, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Hata hivyo tabia ya kuifuta arafa kwa hasira mara inapoingia huufuta ushahidi nayo. Ni afadhali ipigwe picha kwanza, nambari, tarehe na saa zikionekana, ndipo ifutwe. Ugumu unaobaki ni kujua nambari ilivujia wapi, na hapo majina ya pwani, yenye jina la mtu, la baba, la babu na pengine la ukoo, yana manufaa yasiyotumika. Mtu anayejiandikisha langoni kwa jina lake na la baba, hotelini kwa jina lake na la babu, na dukani kwa jina lake na la ukoo, hajadanganya popote, na siku tangazo likimfikia likimwita kwa jina alilolitumia hotelini tu, ameshajua mlango uliovuja. Mbinu hiyo haifai kwa "ile pesa", isiyomwita mtu yeyote kwa jina, lakini kwa mwuza ploti na mgombea humpa mlalamikaji jina la kuandika katika sehemu ya anayelalamikiwa, ambayo ikiachwa tupu lalamiko huwa gumu kufuatiliwa.